Aliyetangulia Mchangani

Nkwabi Machibya alianguka asubuhi ya Jumamosi, mbele ya wenzake wote, kwenye mteremko wa mawe unaoshukia ufukweni Luchelele. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa amepanda mara ya mwisho, amefika juu wa kwanza kama kawaida yake, na amegeuka kuwacheka waliokuwa bado wanahema chini. Kisha akakaa juu ya jiwe, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti, akalala ubavu. Kocha Justa alipomfikia, macho ya kijana yalikuwa wazi, yanatazama ziwa. Alimbonyeza kifua mpaka mikono yake ikafa ganzi. Gari likapatikana, wakakimbizwa hospitali, lakini walipofika hapakuwa tena na la kufanya.

Madaktari waliomba ruhusa ya kuuchunguza mwili. Ukoo ukakataa. "Mtoto ameshakufa, mnataka kumtafuta nini ndani?" aliuliza baba mkubwa wake, na swali hilo likafunga mjadala. Wakavuka naye ziwa kwenda Sengerema, wakamzika shambani kwa babu yake. Hakuna aliyejua kilichomuua.

Hilo ndilo lililomtesa Justa. Angeweza kuubeba msiba, kwa sababu msiba una mwanzo na una matanga. Lakini kifo kisicho na sababu hakina pa kukishika. Watu walimtafutia Nkwabi sababu. Wapo waliosema kocha alikuwa anawapa watoto vidonge vya kuongeza nguvu. Wapo waliosema kijana alionewa kijicho, maana jina lake lilikuwa limeshatajwa kwenye timu ya mkoa. Wazee wa jirani walisema mteremko ule una wenyewe, na wenyewe hawapendi kukimbiliwa juu ya vichwa. Justa aliyasikia yote, akaendelea na shughuli zake. Ila akiwa sokoni mchana kweupe, anachagua nyanya, mikono yake ilikikumbuka kifua kile ghafla, jinsi kilivyokuwa bado na joto, na ilimbidi aweke kikapu chini asubiri kumbukumbu ipite.

Zamani yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji wa mita mia mbili. Goti likamtoa mchezoni kabla hajafika mbali, akarudi Mwanza kufundisha michezo shuleni. Baada ya kazi, na asubuhi za Jumamosi, alikusanya vijana wa michezo tofauti, akawanoa pamoja pale ufukweni. Hakuwafundisha mpira wala ngumi. Hayo waliyapata kwa walimu wao. Yeye aliwapa kasi na nguvu. Waliruka juu ya koni, wakachuchumaa na kuruka, wakavuta toroli la chuma lililopakiwa mawe kwenye mchanga laini, wakatupiana mifuko ya mchanga, wakapanda mteremko mbio na kushuka kwa kutembea. Kuliko yote aliwasisitizia kupumzika. "Ukikimbia umechoka, unajifundisha kukimbia polepole," aliwaambia. Nkwabi hakuwa mvivu wa kupumzika. Alitii kila kitu. Hata hilo lilimuuma Justa, kwamba hakukuwa na amri yoyote iliyovunjwa.

Mazoezi yakakoma, miezi ikapita, ufukwe ukabaki wa wafua nguo na mbuzi. Kisha wazazi wakaanza kumfuata mmoja mmoja. Mama wa Revocatus, bondia, alisema kijana wake anapigana mitaani kwa kukosa pa kupeleka nguvu. Baba wa Urvashi, mwenye duka la vitambaa mjini, alisema binti yake anaogelea vizuri lakini miguu yake bado haina msukumo. Wa mwisho alikuwa Suzana, mdogo wake Nkwabi, msichana wa miaka kumi na mitano, mchezaji wa netiboli mwenye miguu mirefu. Alikuja peke yake, na sare ya shule.

"Kocha, tunarudi lini?"

"Nyumbani wanajua umekuja kwangu?"

"Mama anajua. Baba siku hizi haulizwi kitu."

Justa alimtazama sana. Alikuwa na mdomo wa kaka yake, ule wa kutaka kucheka kabla hujamaliza kusema. Sasa ulikuwa umefungwa.

Wakarudi.

Asubuhi ya kwanza walipowasili walikuta kuna mtu amewatangulia. Mchanga wa karibu na maji ulikuwa umelala safi, maana mawimbi yalikuwa yameupiga pasi usiku, na juu yake zilipita nyayo za mtu mmoja, hatua ndefu, za mkimbiaji. Zilianza pale pale walipokuwa wakianzia. Zilikwenda sambamba na ziwa, zikakata kona pale pale walipokuwa wakikata, zikaelekea kwenye mteremko.

Revocatus alipiga goti, akaweka kidole kwenye alama moja. Ilikuwa na vitundu vidogo vidogo upande wa mbele.

"Kocha, hizi ni njumu za riadha."

Katika kundi lao ni mtu mmoja tu aliyewahi kuwa na njumu za riadha, na kila aliyekuwepo pale alikuwa ameliona jeneza lake likiingizwa kwenye gari.

"Mwanza ina wakimbiaji wengi," alisema Justa. "Pasheni misuli moto."

Sauti yake ilitoka sawa. Lakini walipokwenda kuchukua toroli walilolificha nyuma ya mawe, walikuta kamba yake imelowa na magurudumu yake yamejaa mchanga mbichi. Mtu alikuwa amelivuta asubuhi ile ile. Urvashi aliiachia kamba kama ameshika nyoka. Suzana ndiye aliyeiokota. Aliifunga kiunoni, akaanza kuvuta, na siku ile alivuta mpaka Justa akamwamuru aache.

Ikawa hivyo kila walipokutana. Nyayo mpya, kamba mbichi. Vijana wakaanza kufika kwa makundi, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza ufukweni. Mazoezi ya wawili wawili yaliharibika kwa sababu kila mmoja aligeuka nyuma katikati ya mbio. Revocatus, ambaye ulingoni hakumwogopa mtu, alisema anasikia anayehema pembeni yake kwenye mteremko, na anayehema huyo hachoki. Justa alimkemea asiwatie wenzake woga. Mwenyewe alikuwa ameacha kutazama upande wa lile jiwe la juu. Alikuwa akiwapigia filimbi huku ametazama ziwa.

Mwishowe aliona heri aliyefanya mambo hayo amjue, awe mtu au awe chochote. Akaamka mapema, akafika ufukweni kunapambazuka, ukungu bado umelala juu ya maji na mawe yanaonekana nusu nusu. Akajibanza nyuma ya mwamba. Hakusubiri sana. Alisikia kwanza njumu zikikwaruza mchanga. Kisha fulana ya njano ikatokeza kwenye ukungu, ile fulana ya njano yenye mshono mweusi begani ambao Justa aliushona kwa mkono wake mwenyewe kwenye basi, siku ya mashindano ya shule. Mkimbiaji alipita. Bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia. Nkwabi alikimbia hivyo hivyo, bega la kushoto chini. Justa alikuwa ametumia mwaka mzima kujaribu kulinyanyua.

Mwili wake wote ulipoa. Akatoka nyuma ya mwamba, akamfuata.

Ndipo aliposikia pumzi. Ilikuwa pumzi nzito, ya kukwama, pumzi ya mtu mzima. Mkimbiaji alifika chini ya mteremko, akainama, akashika magoti, na Justa akaona upara kichwani.

Alikuwa Mzee Machibya, baba yake Nkwabi.

Justa alimfahamu vizuri. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Igoma. Hata lile toroli la mazoezi alilitengeneza yeye kwa chuma chakavu, akakataa kulipwa. Alikuwa mtu mnene kidogo, mchangamfu, mwenye kelele. Mtu aliyeinama pale alikuwa amekwisha, mashavu yameingia ndani, fulana ya mtoto imemkaa bila kumbana.

"Shikamoo, Baba Nkwabi."

Mzee hakushtuka. Alijinyoosha taratibu. "Marahaba, mwalimu. Wewe bado unaniita hivyo." Akapangusa uso kwa kiganja. "Wengine wote siku hizi wananiita Baba Suzana. Siitiki. Wanadhani nimekuwa kiziwi."

"Unafanya nini hapa, mzee wangu?"

"Nakimbia."

"Hilo nimeliona. Watoto wanakuona wewe ni mzimu. Hawalali."

"Mimi pia silali." Alisema hivyo bila kujitetea. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye jiwe. "Mwalimu, wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa karakana, nimevaa miwani ya kuchomelea, naangalia cheche. Nilipigiwa simu nikaambiwa njoo, mtoto ameanguka. Ameanguka! Nikajua amevunjika mguu. Njiani nikawa nafikiria plasta." Akainama kukaza kamba ya njumu. "Nataka nifike pale kwa mwendo alioufikia yeye, na uchovu alioufikia yeye. Kuna kitu alikiona akikaa pale. Mtu hakai hivi hivi. Nataka na mimi nikione."

"Na ukishakiona?"

Mzee Machibya alimtazama kama vile ameulizwa swali la kitoto.

Justa alimsihi aache. Akamwambia kuwa umri wake na mwili wake havijazoea, kwamba mkewe hataweza kuzika mara mbili. Mzee alimsikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema, "Ahsante, mwalimu," na kesho yake nyayo zilikuwepo tena.

Hapo Justa akachukua uamuzi uliofanya wengi wamlaumu baadaye. Alimwambia kama lazima akimbie, basi akimbie nao, mchana, mbele ya macho yake, kwa mpango wake yeye. "Ukija peke yako tena, naenda kumwambia mkeo na wazee wa ukoo. Ukija na sisi, nakufundisha." Alikuwa anajua anachokifanya, au alidhani anajua. Alitaka kumchosha kwa kutembea. Alitaka huzuni ile ipate watu wa kukaa nayo.

Mzee Machibya akawa anakuja kwa daladala kutoka Igoma, amebeba fulana ya njano kwenye mfuko wa rambo. Justa alimtembeza ufukweni, akamfundisha kunyoosha misuli, akamkataza mteremko kabisa. Vijana walimwamkia wote, shikamoo, shikamoo, kisha wakasogea kando. Kujua kwamba nyayo zilikuwa zake hakukuwaondolea woga. Kuliuongeza. Maana jua likimpiga kwa nyuma, na bega lile la kushoto likishuka, kila mmoja wao alimwona rafiki yake amezeeka ghafla, amerudi kuchukua zamu yake. Urvashi alikataa kuwekwa naye kwenye mazoezi ya kurushiana mfuko wa mchanga. "Samahani, kocha, hili siwezi," alisema, akaenda kukusanya koni.

Lakini aliyemtia Justa wasiwasi zaidi ni Suzana. Baba yake alipoanza kuja, msichana aliongeza kasi. Alikuwa mwepesi tangu zamani. Sasa alikimbia kama anayefukuzwa. Wenzake walipopumzika yeye alitembeatembea, hakai. Mara moja Justa alimkuta nyuma ya mawe ameegemea mkono, uso umepauka, anavuta hewa kwa mdomo.

"Umekula?"

"Nimekula, kocha."

"Kizunguzungu?"

"Hapana. Jua tu."

Justa alimrudisha nyumbani siku ile. Akajiambia ni majonzi, ni umri, ni jua. Lakini jambo hilo lilikaa nyuma ya shingo yake kama mkono wa mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, mawe yanang'aa, ziwa la rangi ya bati. Vijana walikuwa wamemaliza zamu yao kwenye mteremko, wamekaa chini wanakunywa maji, na Justa alikuwa amempa mgongo Mzee Machibya anamrekebisha Revocatus namna ya kutua anaporuka. Hakuona alipoondoka. Alimsikia Urvashi akisema kwa sauti ndogo, "Kocha."

Mzee alikuwa ameshafika robo ya mteremko. Alikuwa akipanda mbio, njumu zinakwaruza jiwe, fulana ya njano imelowa mgongoni.

Justa akapiga filimbi. Mzee hakugeuka. Na kabla filimbi haijashuka kutoka mdomoni, Suzana alikuwa ameinuka na kumkimbilia.

"Baba! Baba, simama!"

Hakuna aliyesimama. Walipanda wote wawili, yule wa mbele kwa nguvu za ukaidi, yule wa nyuma kwa hatua ndefu nyepesi ambazo Justa mwenyewe alizinoa mwezi baada ya mwezi. Justa alipiga filimbi tena na tena, halafu akaitupa na kuanza kupanda, goti linamchoma kama limewekewa kaa la moto. Kichwani mwake kulikuwa na wazo moja tu, kwamba mteremko haujashiba.

Mzee alifika juu. Akageuka kutazama chini, vile vile. Akakaa kwenye jiwe, taratibu, vile vile.

Suzana alikuwa wa kwanza kumfikia, akaanguka magotini mbele yake. Justa alipofika alimkuta mzee amekaa wima, amekishika kifua, midomo ina rangi ya majivu. Lakini macho yalikuwa yanaona. Yalimfuata Justa.

"Hakuna kitu," alisema kwa sauti ya kukatika. "Mwalimu, hakuna kitu hapa. Ni kiza tu... kinaingia kutoka pembeni. Hakuita mtu. Hakuona mtu. Mwanangu..."

"Usiongee. Revo! Mshike huku. Tafuteni gari!"

Revocatus alimbeba mgongoni mteremko wote, akishuka kwa magoti yaliyokunjwa, taratibu, hatua moja baada ya nyingine. Suzana alishuka nyuma yao. Alijikwaa mara moja, akashikilia mwamba na kubaki ameushikilia kidogo, na Justa, aliyekuwa akitazama mgongo wa mzee, aligeuka akaiona rangi ya uso wa msichana. Ilikuwa majivu yale yale.

Hospitalini walipokelewa na daktari wa moyo, mwanamke mpole aliyeitwa Dokta Mumtaz. Alimpima mzee mapigo, akamlaza, akatazama picha ya moyo wake kwenye mashine kwa muda mrefu kuliko Justa alivyopenda. Kisha akawaita ndani Justa na Mama Suzana, aliyefika baada ya kupigiwa simu. Akaeleza bila haraka. Ukuta wa moyo wa mzee ulikuwa umenenepa kuliko kawaida, na haukunenepa leo. Alizaliwa na asili hiyo. Mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi bila kujua, hasa akiwa na kazi ya kusimama mahali pamoja. Moyo wa namna hiyo ukikimbizwa sana, mapigo yake yanaweza kuvurugika kwa dakika moja, na dakika moja inatosha.

"Mzee amebahatika," alisema. "Una watoto wangapi, mzee?"

Mzee Machibya, kitandani, alifumba macho. "Nilikuwa nao wawili."

Justa ndiye aliyesimulia yaliyobaki, habari za Nkwabi, jiwe, macho yaliyotazama ziwa. Dokta Mumtaz alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kuwaambia kilichomuua mtu ambaye sikumpima," alisema. "Lakini asili hii inatembea kwenye damu. Huyo mtoto wa pili yuko wapi?"

Suzana alikuwa nje kwenye benchi, amevaa raba zenye matope. Alipoitwa alisema yeye haumwi. Alilala kwenye kitanda cha kipimo huku ametazama dari, na Justa akasimama pembeni akiutazama moyo wa msichana kwenye kioo, kitu cha kijivu kinachofunguka na kujifunga gizani. Hakuelewa picha ile. Alielewa namna daktari alivyoacha kuongea.

Ulikuwa moyo ule ule.

Jioni, Mama Suzana alipokwenda kumtafutia mumewe uji, mzee alimwita Justa asogee.

"Kwa hiyo ni mimi niliyempa."

"Mzee..."

"Nilikuwa nasema ni wachawi. Kuna siku nilisema ni wewe, nisamehe. Kumbe ni mimi. Nilimpa kabla hajazaliwa, na mwingine nikampa pia." Alikuwa akiongea polepole, anatazama mikono yake yenye makovu ya cheche. "Hili bega. Watu wakisema ana bega langu nilikuwa nafurahi."

Ndani ya Justa kulikuwa na kitu kilichojaa kifua, na kwa aibu aligundua kuwa ni nafuu. Sababu ilikuwa imepatikana. Haikuwa mikono yake wala filimbi yake. Alikaa na nafuu ile kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu, nguo isiyojua joto la mwili wake. Akaushika mkono wa mzee, akakaa naye mpaka uji ulipoletwa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Mzee Machibya alipewa dawa za kila siku, akakatazwa kunyanyua chuma kizito; karakana akamwachia mpwa wake, yeye akawa anakaa mlangoni kuelekeza. Akaanza kuitika akiitwa Baba Suzana. Justa hakuruhusu kijana yeyote kurudi ufukweni bila kupimwa moyo kwanza, na wazazi walionuna aliwapeleka kwa Mama Suzana wakaongee naye. Wote wengine walikutwa wazima. Uvumi wa vidonge ukafa. Wale wazee wa jirani hawakubadili kauli yao. Walisema tu kwamba wenyewe wa mteremko wamekubali kulipwa nusu.

Suzana alikatazwa mbio. Hakuna netiboli, hakuna mteremko, hakuna toroli. Kutembea tu, na dawa. Alimchukia kila mtu. Alimchukia daktari, akamchukia baba yake kwa kukimbia siku ile, akamchukia Justa zaidi ya wote, akawa akipishana naye barabarani anatazama upande wa pili. Justa alivumilia. Alijua maana ya kuambiwa na mwili wako kwamba basi. Lakini yeye goti lilikuwa limevimba, lilimuuma, aliliona. Suzana hakuwa na pa kuonyesha.

Mvua zilipokwisha, jioni moja, msichana alitokea ufukweni. Vijana walikuwa katikati ya mazoezi. Alisimama mbali mpaka Justa alipomfuata.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, Suzana."

"Nataka kupanda pale. Mara moja tu."

"Kwa kutembea."

Suzana aling'ata mdomo. "Kwa kutembea."

Walipanda pamoja, wakisimama kila penye bapa la kusimama. Justa alikuwa akiisikiliza pumzi ya msichana kuliko ya kwake. Walipofika juu, hakuna aliyekaa kwenye lile jiwe. Chini, Revocatus alikuwa akivuta toroli kwenye mchanga na Urvashi akimhesabia kwa sauti. Kutoka pale walionekana wadogo, na sauti ilifika imechelewa.

"Kocha, kuna kitu sikukuambia," Suzana alisema. "Nilikuwa namsikia."

Justa hakumuuliza nani.

"Tangu turudi. Hata kabla baba hajaanza kuja na sisi. Nikikimbia alikuwa nyuma yangu. Nikiongeza mwendo anaongeza. Nilijua nikienda kasi sana atanifikia na nitageuka nimwone. Siku ile nyuma ya mawe, ulipouliza kama ni kizunguzungu, alikuwa ameshanifikia, kocha. Alikuwa hapa." Akagusa bega lake. "Sikuogopa. Nilikuwa nataka."

Justa aliona ni kiasi gani cha mwendo kilichokuwa kimebaki kabla Suzana naye hajaanguka. Pengine asubuhi moja, pengine hatua chache. Akamshika msichana kiwiko, kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Na sasa?"

"Sasa natembea. Nameza dawa." Alitazama chini, kwenye mchanga. "Simsikii tena. Wote mnafurahi nimepona, mnasali, mnashukuru. Mimi ndio nimemwacha peke yake sasa hivi. Hakuna mwenye mwendo wa kumfuata."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kilio cha kelele, cha kufungua mdomo. Vijana chini walisimama, wakatazama juu. Justa aliwapungia mkono waendelee. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kwamba kaka yake anapumzika, kwa sababu hakujua. Alimkumbatia, na kifua cha msichana kikagonga juu ya kifua chake, haraka, kisha polepole kidogo, kisha polepole zaidi. Alikihesabu bila kutaka. Alijua atakuwa anakihesabu kila atakapokutana naye, miaka yote.

Kulipotulia, Suzana alijifuta uso kwa ukingo wa sketi ya shule. Alitazama mteremko chini ya miguu yake kwa muda, akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza hatua. Kisha akasema wateremke, baba yake anamsubiri barabarani na hatakiwi kusimama juani.